Maji ya Ghorofa ya Tatu

Bweni la Wanawake
9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mkaza mjomba limetulia. Sisi huku tu wazima isipokuwa viganja, ambavyo vimeota sugu kama vya mchimba kisima. Mama ameniandikia kwamba binamu amepata leseni ya udereva, na siku hiyohiyo akaligonga geti lenu kwa gari la watu. Sikujua nianze na hongera au pole, kwa hiyo nimenyamaza.

Ningekupigia simu, lakini mara mbili za mwisho ulipokea ukiwa chini ya sinki, na nilichosikia ni maji na matusi.

Chuo kimetangaza kwamba mwaka huu wanafunzi wenyewe watafanya utafiti juu ya mambo yanayowasumbua. Kila kundi linachagua tatizo, linalichunguza, linapendekeza dawa yake, na pendekezo litakaloshinda litaingizwa kwenye mipango ya chuo. Wengine wamechagua kelele za maktaba, wengine foleni ya kantini. Kundi letu lina watu wanne, mimi ndiye kiongozi, na tumechagua maji. Ghorofa ya chini ya bweni letu maji yanatoka saa zote. Kwetu, ghorofa ya tatu, yanatoka kwa muda wa saa moja hivi alfajiri, kisha bomba linakohoa na kunyamaza mpaka kesho. Tuko wasichana ishirini na tisa, tunapanda na ndoo, ngazi hamsini na nne. Nimezihesabu nikiwa na ndoo, kwa hiyo sijakosea.

Mmoja wa kundi letu ni mwenzangu wa chumbani. Anatembea kwa magongo. Tunamwita Spika, kwa sababu akizungumza bweni zima linapata habari. Ndoo yake tunambebea kwa zamu. Kubebewa hakumuudhi sana. Kinachomuudhi ni kusema ahsante kila asubuhi kama mtu anayeomba. Amesema maji yasipopanda kabla ya muhula kufungwa mwezi Mei, anaahirisha masomo na kurudi kwao. Mjomba, huyu ndiye wa kwanza katika darasa letu zima la takwimu. Akisema anaondoka, anaondoka.

Nimekuwekea dodoso tulilotunga, lina maswali thelathini na mawili. Wewe ni fundi bomba wa hospitali nzima. Lisome, uniambie kama tumesahau kitu.

Mpwa wako

*

Karakana ya hospitali
21 Februari

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Goti la mkaza mjomba wako limetulia. Yeye mwenyewe bado. Binamu yako ameligonga geti mara ya pili, safari hii kwa kurudi nyuma. Sasa tumeamua liwe linakaa wazi.

Dodoso nimelisoma mara tatu. Swali la nne linasema, "Ni kwa kiwango gani unaridhika na upatikanaji wa maji?" halafu majibu matano, kuanzia naridhika sana mpaka siridhiki kabisa. Nililijaribu hapa nyumbani. Nikamuuliza mkaza mjomba wako, "Ni kwa kiwango gani unaridhika na mume?" Akasema, "Nisomee majibu yote kwanza." Nikamsomea. Akafikiri, akasema, "Langu halimo."

Mimi shule niliishia darasa la sita. Mengine nimeyaokota kwenye vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya pampu. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja nimeona jambo hili: mtu ukimuuliza habari za maji, anakujibu habari za matroni, za mitihani na za mchumba aliyemwacha. Bomba ukiliuliza, linakujibu habari za maji tu. Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kijiko kirefu. Asubuhi maji yakianza kupungua, weka ncha moja kwenye bomba na nyingine karibu na sikio. Anza juu, shuka ukisikiliza kila ghorofa. Maji yakibanwa hupiga mluzi. Penye mluzi mkali ndipo penye jambo.

La pili, huyo Spika si ahamishiwe chini? Kitanda kina miguu minne, kinahama.

Haya ya kijiko usimwambie mtu. Wasomi wakisikia watataka kukiandikia kibali.

Mjomba wako

*

Bweni la Wanawake
12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na duara la maji katikati. Nimesoma kwa kukisia maneno mawili. Mama hajambo, ila amegombana na jirani kwa sababu ya uzio na sasa wanasalimiana kwa kukohoa.

Kwa habari ya kibali ulibashiri. Tulikwenda Ofisi ya Majengo kuomba ruhusa ya kukagua mabomba. Wakasema ruhusa inatolewa na Kamati ya Utafiti. Kamati ikasema haiwezi kuitoa bila barua ya Ofisi ya Majengo. Nimekwenda na kurudi mara saba. Mara ya saba karani aliinua macho akaniuliza, "Samahani dada, wewe ni mfanyakazi mpya?"

Lile la kumhamisha Spika nilimwambia. Afadhali nisingemwambia.

"Nihamishwe kama kabati?" akasema.

"Si kama kabati. Ni mpaka maji yapande."

"Nikihama, nani atasema maji hayapandi? Ninyi? Ninyi mtabeba ndoo zenu kimya mpaka mhitimu. Ishirini na wanane, na mikono kama ya wanyanyua vyuma."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Nataka koki ya bafu langu itoe maji. Nimeomba jambo la ajabu?"

Nilisikiliza kwa kijiko. Matroni, yaani mama anayelisimamia bweni, alinikuta nimetega sikio ukutani chooni. Akaniuliza kama nina tatizo. Nikamwambia nafanya utafiti. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Haya mwanangu. Ukimaliza utafiti unawe mikono."

Mluzi upo, mjomba! Juu ni mdogo, unakua kadiri unavyoshuka, na chini kabisa, kwenye kabati la mafagio chini ya ngazi, unalia kama birika. Ndani ya kabati kuna koki kubwa kwenye bomba linalopanda juu. Gurudumu lake limekwama katikati. Si wazi kabisa wala halijafungwa kabisa.

Mwalimu anayetusimamia amefurahi sana. Ametuelekeza tupime siku kumi na nne mfululizo, kila saa, ni lita ngapi zinatoka kwa dakika moja katika kila ghorofa, hali ikiwa kama ilivyo. Siku ya kumi na tano Kamati itakuja kuhakiki. Tumeanza jana. Spika ndiye anayeandika, na hataki tarakimu iliyofutwafutwa.

Niambie tu kwa kifupi hiyo koki ina maana gani, ili niiandike katika sura ya tatu.

Mpwa wako

*

Karakana ya hospitali
16 Machi

Mama Maswali,

Marahaba. Wote wazima. Naandika kwa haraka, bomba la chumba cha kufulia limepasuka na watu wananiita.

Maana yake ni kwamba imefungwa nusu. Sura ya tatu ya nini? Fungua.

Mwanangu, ghorofa nzima ya watoto wa watu wanabeba ndoo, mmoja wao ana magongo, na wewe umesimama mbele ya koki iliyofungwa nusu, mkononi una kalamu! Nenda sasa hivi. Geuza kushoto robo mzunguko, ungoje, halafu robo nyingine. Mabomba ya zamani hayapendi kushtuliwa. Ikiwa ngumu, funga kitambaa kwenye gurudumu upate mshiko.

Nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa, na sijawahi kuona kasoro nikaiacha mahali pake ili nikaihesabu.

Mjomba wako

*

Bweni la Wanawake
4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zote zimefika, na mama anakusalimu.

Posta haijawahi kuharakisha chochote tangu iundwe, lakini barua yako iliwahi. Ilifika siku ya tisa ya hesabu yetu. Nilikuwa nimetoka kubeba ndoo mbili, yangu na ya Spika, na mwandiko wako ulinipigia kelele. Nikashuka nikafungua. Robo, nikangoja. Robo nyingine. Sikumwambia mtu, hata Spika.

Mjomba, maji yalipanda. Yalipanda saa sita mchana, saa ambayo hatujawahi kuyaona. Wasichana walikimbia korido nzima wakifungua koki zote kwa furaha tu. Spika alioga kwa muda mrefu, akatoka akijifuta. Halafu akaniuliza, "Nani amegusa nini?" Nikamwambia mimi. Akakaa kitandani. "Siku ya tisa," akasema. "Ungeniua tu."

Sikumwelewa. Kesho yake nikamwelewa. Chini maji yakaanza kupungua, na siku ya kumi na moja jiko la matroni likakauka. Wasichana wa chini wakapanda kwetu na ndoo zao, wakazipanga mlangoni. Mmoja akasema, "Tulikuwa na maji mpaka mlipoanza kutusaidia." Meneja wa Majengo akaja na fundi, wakairudisha koki ilipokuwa, kisha wakafunga mlango wa kabati kwa kufuli kubwa kuliko la stoo ya mitihani.

Siku ya kumi na tano Kamati ikaja. Mwenyekiti akalitazama jedwali letu: siku nane juu hakuna maji, siku tatu juu yapo na chini yanapungua mpaka hakuna, siku tatu tena juu hakuna. Akavua miwani. "Sasa hili tatizo," akasema, "ni la bomba au ni la ninyi?"

Hesabu yote imekufa, mjomba. Spika anasema tungemaliza zile siku tano tungekuwa na ushahidi ambao hata Meneja angeutia sahihi. Sasa tuna hadithi tu.

Tarehe 18 nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kuchezea mali ya chuo. Ofisi ya Majengo ilishaniuliza nani alinifundisha. Nimesema nilibuni mwenyewe, na nitasema hivyo tena. Mwalimu wetu anasema nitapewa onyo la maandishi, na baada ya hapo anaweza kutuombea tuhesabu upya kabla ya Mei. Kwa hiyo bado kuna njia, nyembamba lakini ipo. Naomba usifanye lolote.

Mpwa wako

*

Karakana ya hospitali
10 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amenunua miwani na sasa anaona vumbi ambalo halikuwepo. Binamu yako amepata kazi ya udereva, usiniulize kwa nani. Hapa kazini tumeletewa pampu mpya yenye kijitabu cha lugha sita, na hakuna hata moja ninayoijua, lakini michoro ni mizuri.

Nimeifikiria ile habari ya chini kukauka. Bomba linaloleta maji kwenye jengo lenu lazima ni jembamba, la inchi moja pengine, liliwekwa wakati wanafunzi wakiwa wachache. Maji yanayoingia hayatoshi ghorofa zote. Aliyeifunga koki nusu hakuwa mjinga. Alikuwa anachagua nani akose, akawachagua ninyi wa juu kwa kuwa matroni anakaa chini. Dawa ni kubadilisha bomba la nje, mita sitini hivi. Koki mngeigeuza mpaka ichoke, mngekuwa mnahamisha kiu tu.

Juzi mvua imenyesha vizuri. Mabati ya karakana yanavuja mahali pale pale.

Hilo la tarehe 18 usilikosee usingizi. Limeshapata mtu.

Mjomba wako

*

Bweni la Wanawake
24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimeamkia kwa kuwa nimelelewa hivyo.

Tarehe 18 niliingia chumba cha mikutano nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu mawili: nimekosa, naomba turudie. Mwenyekiti, ndiye yule yule wa Kamati ya Utafiti, akasema kabla hatujaanza kuna barua imeletwa. Niliitambua bahasha toka mlangoni, ina alama ya kidole cha grisi.

Akaisoma yote kwa sauti. "Mimi ni fundi bomba na ni mjomba wa msichana huyu. Hana kosa lolote. Nilimwagiza mimi, naye ni mtoto mtiifu, anafanya analoambiwa. Kama kuna wa kuadhibiwa nitumieni nauli nije. Na hilo bomba lenu la inchi moja ni aibu, hata banda la kuku lingelikataa." Pale kwenye banda la kuku, mjumbe mmoja alicheka mpaka akaomba msamaha.

Mwenyekiti hakucheka. Akaniuliza, "Mradi huu unaongozwa na nani?"

"Na sisi wanafunzi."

"Na kusikiliza bomba kwa kijiko lilikuwa wazo la nani?"

Ningesema nini? Na hilo pia uliliandika, ukurasa wa pili. Mimi nilikatazwa kumwambia mtu habari za kijiko, wewe ukaiambia kamati nzima.

Akafungua kanuni za mradi, kanuni ya pili: utafiti ubuniwe na uongozwe na wanafunzi wenyewe, na mtu wa nje asiwaelekeze. Ilichukua dakika nne. Shtaka la nidhamu limefutwa kwa kuwa nilikuwa nimetumwa. Mradi nao umefutwa kwa kuwa nilikuwa nimetumwa. Niliondoka sina onyo wala utafiti, msafi kama mtu ambaye hajafanya chochote.

Onyo ningelibeba, mjomba. Ni karatasi moja. Ningeliweka chini ya godoro, na wiki ile ile tungeanza kuhesabu upya. Uliniokoa na karatasi, ukanifuta kwenye kazi yangu. "Mtoto mtiifu, anafanya analoambiwa." Hivyo ndivyo nitakavyokumbukwa hapa.

Spika ameanza kufunga vitabu vyake kwa kamba. Hanilaumu, na ingekuwa nafuu angenilaumu. Jana alisema tu, "Mjomba wako ana mwandiko mzuri."

Sihitaji maelezo ya kiufundi.

Mpwa wako

*

Bweni la Wanawake
27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi mzima kimya. Mama anasema mko wazima, kwa hiyo ni mimi tu unayenikwepa.

Spika ameondoka Jumamosi. Fomu ya kuahirisha masomo aliijaza mwenyewe. Kwenye mstari wa sababu akaandika "ngazi hamsini na nne". Karani akamwambia aandike sababu inayoeleweka. Akaandika "ugonjwa". Ikapigwa muhuri.

Mpwa wako

*

Nyumbani
9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba.

Hii ni barua ya tano. Nne za kwanza mkaza mjomba wako alizisoma kwa miwani yake mpya, akasema zote zinaanza na "lakini". Akazichana. Akaniambia nikishindwa hii ataandika yeye, na hilo nisingelitaka, maana yeye angekueleza na mengine.

Nimekosa. Nimelitazama neno hili kwenye karatasi kwa muda, naona limekaa sawa.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilisikia kwamba mtoto wa dada yangu ana shida ya maji. Sikusikia kwamba kiongozi wa kundi ana kazi. Kwangu mtu mwenye kalamu mbele ya bomba alikuwa mtu anayepoteza muda. Ile barua ya "fungua" niliiandika kama ninavyowaandikia wasaidizi wangu. Na ile ya kamati niliiandika nikijisikia shujaa, nikaipeleka posta mwenyewe kwa miguu, nikarudi nikipiga mbinja. Uliniomba nisifanye lolote. Nilisoma, nikaona ni heshima tu unanifanyia.

Jambo jingine. Juzi daktari mkuu aliniuliza kwa nini pampu ya jengo la wazazi inazimika kila wiki. Nikamwambia naitengeneza kila wiki. Akasema, "Najua. Nauliza kwa nini." Nilitaka kufungua daftari langu la kazi nimwonyeshe ni mara ngapi na saa ngapi. Mpwa wangu, sina daftari. Miaka thelathini na mmoja nimetengeneza kila kitu, na siwezi kumthibitishia mtu chochote.

Spika nimemwonea huruma lakini sina ushauri. Kuandika sentensi hiyo kumenitoa jasho.

Usipojibu nitaelewa. Ukijibu nitafurahi.

Mjomba wako

*

Bweni la Wanawake
12 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na safari hii ya moyoni. Mpe mkaza mjomba pole ya kuchana barua nne. Mama na jirani wamepatana, wamegundua uzio uliingia kwa mtu wa tatu na sasa wanamkohoa yeye.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu kwa sababu nilikuwa na kazi.

Muhula ulipofunguliwa tulikuta tangazo ubaoni lenye sahihi ya Meneja wa Majengo. Linasema kwamba kufuatia ukaguzi uliofanywa na ofisi yake, maji yanafika ghorofa zote za bweni letu kwa siku nzima, kwa hiyo kubadilisha bomba kumeondolewa kwenye mipango ya mwaka. Chini kuna jedwali. Mjomba, ni jedwali letu, lile lililobaki kwa Kamati! Ni siku ya kumi na ya kumi na moja, ghorofa ya tatu tu, zilizobaki zimekatwa. Hata ile tarakimu ya saba anayoiandika Spika, yenye mstari katikati, imo.

Nililinakili neno kwa neno nikamtumia. Sikumwandikia "rudi". Sikumwandikia chochote, nililiweka tu ndani ya bahasha.

Alifika Jumatano ya wiki iliyopita, na begi moja. Alipanda ngazi zote hamsini na nne, akaketi kwenye kitanda chake bila kukitandika.

"Sikuja kwa ajili ya maji," akasema. "Maji hakuna. Nimekuja kwa ajili ya lile tangazo. Mtu anaweza kuninyima maji, lakini asitumie saba yangu."

Mwalimu wetu anasema mradi umefutwa, haushindani na mtu, lakini hakuna kanuni inayomkataza mwanafunzi kuhesabu. Kikao cha mipango kinakaa Agosti na yeye ni mjumbe. Amesema tukimpa siku kumi na nne safi atazisoma pale mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakusema hivyo Aprili. Akasema Aprili aliogopa. Sijazoea mwalimu anayejibu swali.

Tumeanza Jumatatu, tukiwa saba sasa. Watatu ni wa chini, wale waliopanga ndoo mlangoni kwetu. Nimewaeleza habari ya bomba jembamba, kwamba koki inachagua tu nani akose, na wao wanajua zamu yao itafika. Spika anaoga kwao. Wamemkataza kusema ahsante, na yeye anasema ndiyo amri nzuri kuliko zote alizowahi kupewa hapa.

Leo ni siku ya tano. Saa nne asubuhi alikuja Meneja mwenyewe, na fundi, na ufunguo wa lile kufuli. Spika alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kabati la mafagio, amelaza magongo yake mlangoni.

"Binti, tupishe," Meneja akasema. "Nimesikia mnahesabu tena. Tumekuja kuwafungulia maji ya juu."

"Yafunguliwe mara ngapi, mheshimiwa? Tangazo lako linasema yapo siku nzima."

Fundi akatazama viatu vyake.

"Wewe maji unayataka au huyataki?"

"Nayataka sana. Tarehe 22, saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi. Nitakuja kukushika mkono. Kabla ya hapo, hilo gurudumu usiliguse."

"Mnapenda taabu ninyi."

"Tumezoea. Tunaomba siku tisa tu nyingine."

Meneja akanigeukia mimi. "Wewe ndiye kiongozi wao. Mwambie mwenzako."

Mjomba, nilikuwa nimetoka kushusha ndoo. Yule mtu alikuwa na ufunguo, na kila kilicho mwilini mwangu kilitaka ageuze. Nikamwambia, "Wazo la nani hili? Lako? Basi liandike, nasi tutaandika kwamba umekuja, saa nne na dakika kumi." Spika akaandika. Wakaondoka na ufunguo wao.

Saa tano, ghorofa ya tatu: sifuri. Spika ameichora kubwa, duara kamili, halafu akaipuliza ikauke. Sijawahi kumwona ameridhika hivyo na kitu ambacho hakipo.

Nakomea hapa. Saa sita imekaribia na zamu ya kupima ni yangu.

Mpwa wako, kiongozi wa kundi